Sinia la Krismasi, ng'ambo ya kisiwa

Ikifika tarehe 23 Desemba, soko la Kongowea huwa halipitiki. Mikokoteni hugombania njia na malori ya viazi kutoka bara na ya machungwa kutoka Tanzania, na kila baada ya hatua chache kuna lundo la nazi likipakana na lundo la maembe. Huu ndio msimu wa maembe hapa Pwani: ngowe refu lenye nyama ya rangi ya karoti na nyuzi chache, embe apple la mviringo, boribo kubwa la kujaza viganja viwili. Wanunuzi wengi wa siku hiyo wamekariri mambo yaleyale: mchele wa pilau, nyama, unga wa chapati, soda. Kitu kitamu cha kuteremshia chakula hukumbukwa mwisho, na nyumba nyingi huishia na keki moja na pakiti mbili za biskuti.

Mtindo mwingine umeanza kuingia Kisauni, Changamwe na Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kupitia simu za vijana. Ubao mpana hujazwa vitu vitamu vya kila rangi, huwekwa katikati ya meza, na kila mtu huchukua akipendacho. Wazo lenyewe ni zuri, na linaifaa nyumba ya Krismasi ambamo wageni huingia na kutoka mchana kutwa bila saa maalumu. Tatizo ni vile vinavyopangwa juu ya ubao huo kwenye picha: chokoleti, krimu, jibini laini, biskuti zilizopakwa sukari ya unga. Nyingi ya picha hizo zimepigwa katika nchi ambako Desemba ni mwezi wa baridi.

Mombasa Desemba ni kaskazi. Adhuhuri joto hupanda juu ya nyuzi 30 za Selsiasi, na hewa itokayo baharini imejaa unyevu. Mafuta ya kakao, ambayo ndiyo huipa chokoleti ugumu wake, huyeyuka kati ya nyuzi 30 na 34. Chokoleti iliyoachwa mezani Mtopanga saa saba mchana, chini ya paa la mabati, haina maisha marefu. Krimu itakuwa imeteleza kabla yake, na biskuti itakuwa imekunywa unyevu ikalegea.

Vitamutamu vya Pwani vilitungwa na watu waliokaa ndani ya joto hilihili, bila jokofu, wakijua nini kinakaa siku moja na nini kinakaa mwezi. Mwenye kuvifahamu anaweza kupanga sinia la Krismasi likasimama mezani kuanzia watu wanaporudi kanisani asubuhi hadi usiku, pasi na kitu kuyeyuka. Tena sinia lenyewe liko nyumbani tayari: lile pana la bati ambalo pilau hupakuliwa, watu wakakaa kulizunguka.

Msingi wake ni vitu vikavu, na cha kwanza ni kashata. Ya nazi inahitaji nazi mbili zilizokunwa kwenye mbuzi, sukari nusu kilo, maji nusu kikombe na iliki ya kutwanga. Sukari na maji huchemshwa mpaka shira ivute uzi kati ya vidole, kisha nazi hutiwa na kukorogwa bila kupumzika hadi mchanganyiko uachane na sufuria. Humwagwa kwenye chombo kilichopakwa mafuta, husawazishwa, na kukatwa ungali na moto. Wengi huigawa sehemu mbili, moja wakaiacha nyeupe na nyingine wakaitia rangi ya waridi au ya kijani, na kwa Krismasi rangi hizo zimekuja mahali pake. Kashata ya njugu huenda mbali zaidi. Sukari huachwa iyeyuke mpaka igeuke kahawia, nyuzi 160 na kuendelea, ndipo njugu zilizokaangwa zinapotiwa. Kwa sababu hiyo, ya njugu huvunjika kwa sauti mdomoni, na ya nazi hutafunika taratibu.

Adui wa zote mbili ni hewa. Sukari huvuta maji kutoka hewani, na kashata ya njugu iliyoachwa wazi usiku mmoja Likoni, karibu na maji ya kivuko, huamka ikinata. Hutunzwa katika mkebe uliofungwa barabara, na hutolewa siku yenyewe, tena kwa mafungu: nusu asubuhi, nusu baada ya chakula cha mchana.

Elimu ya shira ni nusu ya kazi yote. Kipimo ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, na iliki. Ikiwa shira ni ya kaimati, zile za unga ulioumuliwa na kukaangwa karaini, mpishi huitia matone ya ndimu. Tindikali ya ndimu huvunja sehemu ya sukari, na shira hubaki laini na ya kung'aa hata ikipoa. Ikiwa ni ya visheti, ndimu haitakiwi kabisa. Visheti, ambavyo ni unga wa ngano uliokandwa na samli, ukakatwa vipande vidogo na kukaangwa, hutumbukizwa katika shira nzito na kugeuzwageuzwa mpaka sukari igande juu yake na kuwa nyeupe. Anayechanganya mambo haya mawili hupata kaimati zenye mchanga na visheti vinavyonata.

Visheti vilivyogandishwa vizuri hukaa wiki nzima mkebeni vikiwa vikavu. Vileja pia hukaa: unga wa mchele, samli, sukari, iliki na mayai, vikaokwa kwa moto mdogo vikawa vya kumung'unyika. Hivi viwili vinaweza kutengenezwa tarehe 20, kabla jikoni hakujaingia mambo ya nyama na vitunguu. Kaimati hazingoji. Zikishalala ndani ya shira kwa saa chache, ngozi yake hulegea na utamu wa kuuma kitu cha nje kigumu na cha ndani laini hupotea. Unga wake huumuliwa asubuhi, na karai hutengwa wageni wakiwa wameshafika. Hakuna ubaya wowote sinia likiwa na pengo, kila mtu akijua linangoja nini.

Halua hainyimwi nafasi, lakini haitengenezwi nyumbani. Kuikoroga ni kazi ya saa kadhaa juu ya moto, karai kubwa na mwiko mrefu, wanga ukipikwa na sukari, samli, iliki na zafarani mpaka mafuta yajitenge na rangi ikaiva. Ni ufundi uliokuja na Waomani, na Mombasa ina mafundi wake wanaouza kwa kilo. Nusu kilo inatosha watu kumi na watano, kwa maana halua huliwa kidogo kidogo. Haihitaji jokofu, samli na sukari nyingi huilinda kwa wiki kadhaa.

Halafu rangi. Mabuyu ndiyo huleta nyekundu kwenye sinia la Mombasa. Ni mbegu za ubuyu zikiwa bado na unga wake mchachu, zilizopikwa katika sukari, rangi na iliki, na kwa wapendao, pilipili kidogo. Mibuyu imejaa kuanzia Kwale hadi Kilifi, na watoto wa Pwani wamekuwa wakiyanunua mabuyu mlangoni mwa shule tangu wazazi wao hawajazaliwa. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya, na tangu hapo umekuwa ukisifiwa kwa vitamini C yake katika maduka ya bei kali. Kwa sinia la Krismasi sifa yake kubwa ni uchachu. Vitu vyote vingine vitamu. Ulimi unahitaji mahali pa kupumzika, na mabuyu na achari za embe ndizo zinazoupa nafasi hiyo. Bakuli moja la kachri za mihogo zenye pilipili na chumvi likiwekwa kando, watu hula mara mbili ya walivyokusudia.

Wageni kutoka bara mara nyingi huuliza ni nani anayevipika vyote hivi, kwa sababu nyumba ya Krismasi aghalabu si ya Waswahili. Changamwe, Mikindani, Chaani na Port Reitz zimejaa familia za Wakamba, Waluo, Waluhya na Wataita zilizofuata kazi za bandari, reli na kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu mwaka 1963 hadi 2013. Kisauni na Likoni nako kuna Wagiriama na watu wa kila kabila. Jibu ni kwamba wengi huagiza kwa jirani. Mama wa Kiislamu ambaye nyumba yake huuza kaimati na visheti jioni za Ramadhani huwa ana karai, ana mkono, na ana wateja wanaomfahamu. Desemba ikifika anaowapikia ni Wakristo wa mtaa uleule. Pesa hubaki mtaani, na kilichokuja mezani kimepikwa na mtu aliyekifanya tangu utotoni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo sababu bora kuliko zote ya kuliacha kopo la biskuti la dukani.

Kalenda yenyewe inasaidia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote, na miaka mingi haikutani na Krismasi. Mara ya mwisho mfungo kuikuta Krismasi ilikuwa miaka ya 1998, 1999 na 2000, na mwaka huo wa mwisho Idi iliangukia siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Wenye umri wa kukumbuka wanajua jinsi masinia yalivyopishana njiani wiki hiyo. Kwa hesabu za falaki, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine kuanzia mwisho wa Desemba, na miaka miwili itakayofuata Krismasi itaangukia ndani ya mfungo. Sinia la jirani aliyefunga litapelekwa jua likishazama, na litakuwa na tende.

Krismasi si ngeni ng'ambo hii. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa, na mwaka huohuo soko la watumwa la Unguja likafungwa. Miaka miwili baadaye, 1875, wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS wakiongozwa na Kasisi William Salter Price walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa upande wa Kisauni, wakakiita Frere Town. Pamoja nao walikuwapo Waafrika waliokuwa wametolewa utumwani wakiwa watoto, wakalelewa na kusomeshwa Nasik nchini India, kisha wakarejea Afrika Mashariki. Kengele ya kijiji, iliyopigwa kuwatahadharisha watu dhidi ya washika watumwa, ingali imesimama kwenye makutano ya Kengeleni, na matatu hupakia abiria mbele yake. Mahali hapa palikuwa na Wakristo wanaozungumza Kiswahili wakati Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Familia ya Kisauni inayopanga meza yake leo haiigi sikukuu ya watu wengine.

Wala mtindo wa kujaza sinia vitu vitamu na kulituma kwa jirani haukuletwa na simu. Wagoa, waliofika Mombasa kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli mwishoni mwa karne ya 19 wakafanya kazi za ukarani, ushonaji, upishi na uokaji mikate, walitoka katika koloni la Wareno lenye Krismasi ya miaka mingi. Huko kwao vitamutamu vya siku hiyo kwa ujumla huitwa kuswar, na familia huvigawa kwenye sahani na kuzipeleka nyumba za jirani, Wahindu na Waislamu wakiwemo. Akiitazama sahani hiyo, mtu wa Mombasa hajihisi mgeni. Kuna dodol, inayokorogwa kwa muda mrefu kwa unga wa mchele, tui la nazi na sukari guru, na kuikata ni vilevile kama kuikata halua. Kuna kulkul, vipande vidogo vya unga vilivyoviringwa, vikakaangwa na kupakwa sukari. Hivyo na visheti ni ndugu. Bahari ya Hindi imekuwa ikibadilishana nazi, mchele, iliki na sukari kwa karne nyingi, na Krismasi ya Goa ilijengwa kwa vitu vilevile vilivyojenga Idi ya Mombasa.

Hata Ulaya kuna mkoa mmoja ambao sinia lake lingestahimili joto la hapa. Provence, kusini mwa Ufaransa, huandaa vitamutamu 13 usiku wa kuamkia Krismasi, kwa heshima ya Yesu na mitume wake 12. Miongoni mwake ni lozi, tini kavu, zabibu kavu, njugu za kizungu, tende na halua yao ya asali na lozi, na meza huachwa vivyo hivyo kwa siku tatu. Hakuna jokofu linalohusika. Anayetaka kuhesabu hadi 13 kwa vitu vya Pwani atafika bila taabu: kashata mbili, visheti, vileja, halua, mabuyu, achari, tende, korosho, kaimati, mkate wa sinia, embe, nanasi.

Korosho na nanasi hapo juu zinastahili neno moja. Zote mbili asili yake ni Amerika ya Kusini, na ni Wareno walioleta mikorosho na mananasi pwani hii katika karne ya 16, wakati ule wa Ngome ya Yesu. Mikorosho ilipenda mchanga wa Kilifi na Kwale. Kilifi ikapata kiwanda cha kubangua korosho miaka ya 1970, nacho kikafa miaka ya 1990, na wakulima wengi wakaikata miti au kuiacha izeeke. Sukari nayo ina kisa cha aina hiyo: kiwanda cha Ramisi, kusini mwa Likoni njia ya Lunga Lunga, kilisimama mwaka 1988, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya miwa kurudi Kwale na kiwanda kipya kujengwa. Kwa hiyo anayenunua korosho za mkulima, zilizochomwa na kubanguliwa kwa mkono, zenye alama ya moshi, anafanya zaidi ya kununua kitafunio. Bei yake ni juu. Robo kilo katika kibakuli kidogo inatosha.

Mwenye kupendelea ubao kuliko bati hana haja ya kwenda mbali. Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz iendayo uwanja wa ndege, kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963, na vinyago na bakuli nyingi zinazouzwa kwa watalii nchini zimetoka mikononi mwa watu wake. Miti migumu ya zamani kama mpingo na muhugu ilipoadimika, wachongaji wengi walihamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Ubao mpana wa mwembe unapendeza sana mezani. Kuna la kuangalia: vyombo vya mapambo mara nyingi hung'arishwa kwa vanishi au kiwi ya viatu, na mwarobaini una uchungu wake. Chakula chenye mafuta au shira kisiguse mbao za namna hiyo. Aombwe fundi autoe ubao kabla haujang'arishwa, upakwe mafuta ya nazi tu. Au utandikwe jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Jani hilo halipasuki na rangi yake ya kijani huibua rangi za kila kilicho juu yake.

Kupanga kwenyewe kuna taratibu, ingawa si za kushika kwa mkono wa chuma. Vyombo vyenye majimaji hutangulia: kibakuli cha kaimati, cha achari, cha halua. Huwekwa mbalimbali, si pamoja, kisha vitu vikavu hujaza nafasi zilizobaki kwa mafungu, kila aina mahali pake. Kashata zisiguse embe. Embe lililokatwa hutoa maji, na maji hayo yataiyeyusha sukari ya jirani yake. Matunda yawe na sahani yake, na yakatwe mwisho. Njugu na korosho nazo zitengwe ikiwa kuna mtoto ambaye mwili wake hauzikubali. Na kwa kuwa siku hizi ni nadra kupata familia isiyo na mtu wa kisukari, vipande viwe vidogo, saizi ya kidole gumba, ili kila mtu aonje bila kulazimika kumaliza kashata nzima.

Mkate wa sinia ndio unaopewa katikati. Mchele hulowekwa usiku wa tarehe 24, watu wakienda misa ya usiku wakauacha majini. Asubuhi husagwa na tui zito, sukari, hamira na iliki, hungojwa uumuke, kisha hupikwa kwa moto wa chini na wa juu, makaa yakiwa juu ya kifuniko. Familia zinazooka keki ya Krismasi ndani ya sufuria, juu ya jiko lenye mchanga, tayari zinaijua kanuni hiyo ya moto wa pande mbili. Lakini uliwe siku hiyohiyo. Tui ndilo linaloupa ladha, na tui ndilo linaloufanya uchachuke kesho yake katika joto la Desemba. Vibibi na mahamri vina sharti lilelile, ingawa mahamri ya jana yakichovywa kwenye chai hayana aliyewahi kuyakataa.

Juu ya yote huja kawa, kifuniko cha ukindu kilichosukwa mfano wa pia. Nzi wa Desemba ni wengi, na shira huwaita kutoka mbali. Kawa hupitisha hewa, kwa hiyo jasho halijikusanyi chini yake kama linavyojikusanya chini ya plastiki. Hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kwa wanaojifunza kutoka kwenye picha: kulifunika sinia kwa karatasi ya plastiki saa tano asubuhi, na kufikia saa nane kila kitu kimelowa.

Shughuli nyingine ni safari. Familia za Mombasa zimegawanyika pande zote za maji. Shangazi yuko Mtongwe, dada yuko Magongo, wazazi wako Bakarani. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtu anayetembea kwa miguu, na siku ya Krismasi umati wake ni mkubwa ajabu, wengine wakielekea fuo za Kusini na wengine wakija mjini. Si mahali pa kupita na sinia lililopangwa. Wazoefu husafiri na mikebe, kila aina kivyake, na kupangia huko huko. Watu wa Changamwe na Miritini sasa wana barabara ya Dongo Kundu, inayofika upande wa Likoni bila kukanyaga feri, nayo imeokoa kaimati nyingi. Wanaopanda bodaboda wabebe halua na visheti, si vitu vya shira.

Kinywaji kiwe kisicho na sukari, au chenye sukari kidogo. Kahawa chungu ya tangawizi, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ndiyo iliyooana na halua miaka yote, na muuza kahawa wa mtaani hukubali kuja nyumbani akiambiwa mapema. Mchana, maji ya ukwaju yaliyopozwa kwa barafu huukata utamu vizuri kuliko soda. Madafu pia, ila yaletwe asubuhi na kufunguliwa mgeni akiwa ameketi.

Tarehe 26 hubaki vitu vichache. Kaimati zitakuwa zimekwisha, na mkate wa sinia uliobaki usibishaniwe, utupwe. Halua itafika mwaka mpya ikiwa imefunikwa. Kashata na visheti virudi mkebeni usiku uleule wa sikukuu, pamoja na punje chache za mchele mkavu zilizofungwa kwenye kitambaa ili zivute unyevu. Mabuyu na achari hufungwa kwenye pakiti ndogo kwa ajili ya ndugu wanaorudi Nairobi, kwani treni ya Madaraka, iliyoanza kazi mwaka 2017, huondoka Miritini, na Changamwe ni pua na mdomo na kituo hicho. Nafasi za treni wiki hiyo huwa zimekatwa zote mapema, kwa hiyo idadi ya pakiti inaweza kujulikana hata kabla jirani hajapelekewa oda yake ya mabuyu.